Kadi ya Flashi Ndani ya Seva: Inavyofupisha Foleni, Inavyofungwa na Inavyotunzwa

Mwanzoni mwa mwaka, wafanyabiashara wanapofika kulipia upya leseni zao, kuna maneno ambayo husikika sana kwenye madirisha ya malipo: "Subiri kidogo, mtandao uko chini." Mama aliyefunga kibanda chake ili alipie leseni hupoteza mauzo ya asubuhi nzima. Mgonjwa aliyefika hospitalini alfajiri husubiri karani atafute faili lake kwenye kompyuta.

Mara nyingi mtandao wenyewe hauna neno. Kinachochelewesha ni diski iliyo ndani ya seva, ambayo haiwezi kutafuta rekodi kwa kasi inayohitajika wakati watu wengi wanahudumiwa kwa pamoja. Mojawapo ya dawa za tatizo hilo ni kadi ya flashi ya kuongeza kasi. Kadi hiyo ni ndogo, lakini hununuliwa kwa fedha za umma na hubeba rekodi za wananchi. Kwa hivyo ni vyema mkazi ajue inafanya nini, inafungwa vipi na inahitaji utunzaji gani.

Ucheleweshaji unatoka wapi

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Afisa akiandika nambari ya kiwanja kwenye dirisha la malipo, ombi husafiri hadi kwenye seva. Seva hutafuta rekodi, hupiga hesabu na kurudisha jibu. Rekodi hizo kwa miaka mingi zimekuwa zikihifadhiwa kwenye diski za kuzunguka. Ndani ya diski hizo kuna sahani za chuma au kioo, na mkono mdogo unaosogea huku na huku kusoma data.

Diski ya kawaida ya aina hiyo huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Mkono lazima kwanza ufike mahali panapohitajika, kisha usubiri sahani ilete data chini yake. Kazi hiyo huchukua takribani milisekunde 12, yaani sehemu 12 za elfu za sekunde. Ni muda mfupi mno kwa binadamu, lakini maana yake ni kwamba diski moja hujibu maombi kama 80 tu kwa sekunde, ikiwa rekodi zimetawanyika.

Tuchukue mfano. Tuseme kutoa taarifa ya deni la kiwanja kimoja kunahitaji diski isomwe mara 40, na maafisa 30 wamebonyeza kwa wakati mmoja. Hayo ni maombi 1,200. Kwa kasi ya maombi 80 kwa sekunde, wa mwisho atasubiri sekunde 15. Akibonyeza tena kwa kukosa subira, ombi lake linaongeza foleni.

Hali hii ni kama ofisi ya masjala yenye karani mmoja na ngazi moja. Hata watumishi wa dirishani wakiongezwa mara tatu, faili zitatoka kwa mwendo wa karani anayepanda na kushuka ngazi.

Kadi yenyewe ni nini

Wengi wanaifahamu flashi, kile kifaa kidogo cha kubebea nyaraka na picha. Teknolojia iliyo ndani yake ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Data huwekwa kama chaji za umeme ndani ya seli ndogo sana. Hakuna sahani inayozunguka wala mkono unaosogea. Ndiyo maana kusoma rekodi huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Maombi yale 1,200 ya mfano wetu, hata yakisomwa moja baada ya jingine, yangekwisha chini ya robo sekunde.

Kadi ya kuongeza kasi hutumia teknolojia hiyo hiyo, ila huchomekwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa seva, katika tundu linaloitwa PCI Express. Hivyo data husafiri njia fupi hadi kwenye prosesa. Mojawapo ya kadi za mapema ilikuwa Sun Flash Accelerator F20, iliyotolewa mwaka 2009 ikiwa na gigabaiti 96 zilizogawanywa katika moduli nne za gigabaiti 24. Mwaka 2011 ulichapishwa mwongozo wa pamoja wa mawasiliano kati ya seva na hifadhi za flashi, unaoitwa NVMe, na leo kadi nyingi hufuata mwongozo huo.

Kasi na usalama wa risiti

Kuna njia mbili kuu za kuitumia kadi hii pamoja na diski za zamani, na tofauti yake inamgusa kila anayelipa ada.

Katika njia ya kwanza, kadi huweka nakala ya rekodi zinazoombwa mara kwa mara. Malipo mapya huandikwa kwenye diski za kudumu kabla ya seva kusema "yamepokelewa". Kadi ikiharibika, seva inakuwa ya polepole, lakini hakuna rekodi inayopotea.

Katika njia ya pili, malipo huandikwa kwanza kwenye kadi, seva inatoa risiti mara moja, kisha data inahamishiwa kwenye diski baadaye. Njia hii ina kasi zaidi, lakini ina hatari yake. Kadi ikifa kabla ya kuhamisha, mwananchi atabaki na ujumbe wa M-PESA unaoonyesha kuwa amelipa, huku mfumo wa kaunti ukionyesha bado anadaiwa. Kwa sababu hiyo, njia ya pili haifai kutumiwa na kadi moja. Huhitaji kadi mbili zinazoandika kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili moja ikifa pacha wake awe na kila kitu.

Hatari nyingine ni umeme kukatika. Kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya seva huwa na kapasita, kifaa kinachotunza umeme kidogo. Umeme ukikatika ghafla, kapasita huipa kadi muda mfupi wa kumalizia kuandika data iliyokuwa njiani. Kadi ya bei nafuu iliyokusudiwa kompyuta za nyumbani mara nyingi haina kinga hiyo. Kwa hivyo anayekagua zabuni hapaswi kulinganisha bei na ukubwa pekee.

Kabla ya kufungua seva

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla bisibisi haijashikwa.

Kwanza, tatizo hupimwa. Mafundi huangalia kwa siku kadhaa, hasa saa za msongamano, kama kinachosubiriwa ni diski, prosesa, kumbukumbu ya muda au mtandao. Vipimo hivyo huandikwa ili vilinganishwe na hali baada ya kadi kufungwa. Bila kufanya hivyo, hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba fedha zilizotumika zimeleta faida.

Pili, huhakikishwa kwamba kadi inakubaliana na seva. Mtengenezaji wa seva huwa na orodha ya kadi zilizojaribiwa. Tundu nalo huchunguzwa: kadi inayohitaji njia 8 za data ikiwekwa kwenye tundu lenye njia 4 itafanya kazi, lakini haitafikia kasi yake kamili. Vilevile huangaliwa kama feni za seva zinaweza kupoza joto litakaloongezeka.

Tatu, nakala rudufu ya data yote hutengenezwa na kujaribiwa. Kuwa na nakala hakutoshi. Lazima irejeshwe kwenye seva nyingine ionekane kwamba inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa inaweza kugeuka kuwa faili tupu siku inapohitajika.

Nne, wananchi na maafisa huarifiwa mapema kuhusu saa ambazo huduma itasimama. Usiku au mwisho wa juma ni wakati unaofaa zaidi. Hospitali hutayarisha fomu za karatasi za kutumia kwa saa hizo, na mtu maalum hupewa kazi ya kuingiza taarifa hizo kwenye mfumo baadaye.

Siku ya kufunga kadi

Kazi yenyewe huenda kwa mpangilio huu:

1. Programu zote husimamishwa kwa utaratibu, kisha seva huzimwa. Seva nyingi huwa na vipitisha-umeme viwili, kwa hivyo kebo zote mbili huchomolewa. Kuchomoa moja tu huiacha seva ikiwa na umeme.

2. Fundi huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na chuma cha seva ili kuondoa umeme tuli mwilini. Umeme huo ndio unaotoa cheche ndogo mtu anapovua sweta gizani. Mwanadamu anaweza asihisi chochote, lakini chaji hiyo inatosha kuharibu chipu.

3. Mfuniko hufunguliwa na kibati kinachoziba tundu huondolewa. Kadi hutolewa kwenye mfuko wake maalum dakika ya mwisho, ikishikwa kingo tu. Meno ya shaba yaliyo upande wa chini hayaguswi kwa vidole.

4. Kadi hulinganishwa na tundu na kusukumwa chini kwa nguvu iliyo sawa pande zote mbili hadi ikae kabisa. Haitikiswi wala kulazimishwa. Kisha hukazwa kwa skrubu. Kadi iliyokaa upande inaweza kuonekana na kupotea kila seva inapopata joto, na kosa la aina hiyo ni gumu kulitafuta.

5. Kebo zilizo karibu hupangwa ili zisizibe njia ya hewa. Matundu yasiyotumika hurudishiwa vibati vyake na mfuniko hufungwa kabla ya kuwasha, kwa kuwa feni za seva hupuliza hewa sawasawa ikiwa tu sanduku limefungwa.

6. Seva huwashwa. Fundi huthibitisha kwamba kadi imetambuliwa, ukubwa wake ni ule ulioagizwa, na imepata njia zote za data. Programu ya ndani ya kadi huangaliwa kama ni toleo linalopendekezwa na mtengenezaji. Kulisasisha ni rahisi wakati huu, kabla kadi haijawekwa data.

7. Kadi hujaribiwa kwa saa kadhaa kwa kusoma na kuandika data ya majaribio huku joto likifuatiliwa. Baada ya hapo ndipo hupewa kazi halisi, na vipimo vya awali hurudiwa kwa ulinganisho.

Mpango wa kurudi nyuma huwa tayari wakati wote. Ikifika saa iliyowekwa na mambo hayajakaa sawa, kadi huondolewa na huduma hurejeshwa kama ilivyokuwa. Foleni ya siku moja zaidi ni afadhali kuliko rekodi zilizoharibika.

Utunzaji: kadi huchakaa

Seli za flashi huchoka kwa kuandikwa. Seli zinazobeba biti moja kila moja huweza kuandikwa na kufutwa takribani mara 100,000. Zile zinazobeba biti tatu, ambazo ni za bei nafuu na huhifadhi data nyingi zaidi, huvumilia mara elfu chache. Kadi hutawanya uandishi ili seli zote zichakae sawasawa, na huwa na seli za akiba za kuchukua nafasi ya zilizokufa.

Mtengenezaji hutaja uhai wa kadi kwa hesabu inayoeleweka. Kwa mfano, kadi ya terabaiti 1.6 inaweza kuhakikishiwa kuandikwa yote mara moja kila siku kwa miaka 5. Jumla yake ni terabaiti 2,920. Ofisi inayoandika gigabaiti 200 kwa siku hutumia terabaiti 73 kwa mwaka, hivyo uchakavu si tatizo kwake. Lakini programu iliyopangwa vibaya, inayoandika terabaiti 2 kila siku bila sababu, itamaliza uhai huo kwa miaka 4, kabla ya muda uliohakikishwa. Kwa sababu hiyo ni lazima kadi ifuatiliwe.

Kadi ya NVMe hutoa taarifa zake yenyewe. Fundi huangalia angalau mambo matano: asilimia ya uhai iliyotumika, seli za akiba zilizobaki, joto, makosa ya data, na mara ambazo umeme ulikatika kabla seva haijazimwa vizuri. Kadi ikianza kupunguza seli za akiba kwa haraka, nyingine huagizwa kabla ya mambo kuharibika. Kwa kuwa ununuzi wa umma una hatua zake kisheria, kungoja kadi ife ndipo ombi liandikwe ni kukaribisha wiki nyingi za foleni.

Kadi pacha zinazofanya kazi ileile huchakaa kwa mwendo uleule, na zinaweza kufikia mwisho kwa wakati mmoja. Ni busara kubadilisha moja mapema ili umri wake utofautiane na wa mwenzake.

Joto na vumbi ni maadui wakubwa. Chumba cha seva kinafaa kuwa kati ya nyuzi joto 18 na 27 za Selsiasi. Kadi ikizidiwa na joto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na hapo foleni hurudi ingawa hakuna kilichovunjika. Vichujio vya hewa husafishwa, na milango ya chumba hufungwa. Chumba cha seva kisigeuzwe stoo ya makatoni.

Kapasita nayo huzeeka. Katika baadhi ya kadi, ikiwemo F20 iliyotajwa, sehemu inayotunza umeme hubadilishwa kwa ratiba. Umeme wa seva unahitaji betri ya akiba, yaani UPS, ambayo hujaribiwa mara kwa mara na jenereta iwe na mafuta. Pia kadi haijazwi pomoni. Huhitaji nafasi tupu ya kupangia data, na ikijaa mno hupungua kasi.

Kadi inapostaafu

Kadi iliyochoka bado inaweza kuwa na majina, nambari za vitambulisho, madeni na taarifa za matibabu. Kufuta faili kwa njia ya kawaida hakutoshi. Hata kuandika juu ya data ya zamani hakufikii seli zote, kwa sababu kadi hutawanya uandishi na nyingine zimefichwa kama akiba. Njia sahihi ni kutumia amri ya kadi yenyewe ya kufuta seli zote, au kuharibu ufunguo kama data ilikuwa imefungwa kwa msimbo. Kadi iliyokufa na isiyoweza kupokea amri huvunjwavunjwa chipu zake. Kila hatua huandikwa na kutiwa sahihi.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi inayotunza data binafsi kuilinda. Data ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu tukio kujulikana. Uondoaji wa mali ya umma nao unaongozwa na sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya mwaka 2015. Kadi ya seva haifai kuonekana ikiuzwa kwenye meza ya vifaa vya mitumba.

Ni kosa pia kuiweka kadi iliyochakaa kabatini kama hazina ya kumbukumbu. Kiwango cha JEDEC kwa hifadhi za flashi za seva kinataka kifaa kilichomaliza uhai wake kitunze data kwa miezi 3 bila umeme katika joto la nyuzi 40. Baada ya hapo hakuna uhakika.

Yale ambayo kadi haiwezi kuponya

Kadi ya flashi haiongezi kasi ya intaneti kati ya ofisi ya wadi na makao makuu. Hairekebishi programu iliyoandikwa vibaya, wala haizuii umeme kukatika. Wakati mwingine kupanga upya hifadhidata ili rekodi zitafutwe kwa faharasa huleta nafuu kubwa bila kununua chochote. Ndiyo sababu vipimo hutangulia ununuzi.

Haichukui pia nafasi ya nakala rudufu. Karani akifuta rekodi kwa makosa, kadi zote mbili pacha zitaifuta kwa kasi ileile.

Mkazi afanye nini

Wakazi wanashauriwa kuzingatia mambo haya:

• Kufuatilia matangazo ya saa za matengenezo na kuepuka kulipia ada dakika za mwisho kabla ya mfumo kuzimwa.

• Kutunza ujumbe wa malipo na risiti. Rekodi ikikosekana, huo ndio ushahidi wa kwanza.

• Kutolipa mara ya pili kwa haraka mfumo unapochelewa kujibu. Ni vyema kuomba salio liangaliwe kwanza.

• Kuripoti deni lisilo sahihi mapema katika ofisi ya mapato ya kaunti ndogo, ukiwa na nambari ya muamala.

• Kuuliza. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, mwananchi anaweza kuomba taarifa kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kujibiwa ndani ya siku 21. Maswali mazuri ni: Je, hali ilipimwa kabla ya ununuzi? Nakala rudufu ilijaribiwa lini mara ya mwisho? Kadi za zamani zilifutwa vipi?

Kadi inayotoshea mkononi inaweza kupunguza dakika nyingi za kusubiri dirishani. Ikifungwa kwa pupa na kusahaulika, inaweza kupoteza rekodi ya malipo ya mtu ambaye hana njia nyingine ya kuonyesha kwamba alilipa. Mama wa kibanda hatajua jina la kadi hiyo wala hana haja ya kulijua. Anachohitaji ni kupata leseni yake asubuhi, arudi kufungua biashara kabla wateja hawajapita, na mwaka ujao akirudi, malipo yake yawe bado yapo kwenye mfumo.